Sanamu ya Mtu Aliye Hai

Nilimuuza wifi yangu pamoja na miiko ya ugali. Usishtuke. Wakati huo sote tulijua kwamba alikwisha kufa, na nilichouza ni sanamu yake tu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo wanalonong'ona watu wa kijiji chetu cha Kashojwa nikipita na ndoo yangu, na mimi sipendi mtu anitangulie kusimulia habari zangu.

Naitwa Godeberthe. Mume wangu ni Wilondja, mchongaji. Ukifika upande wetu huu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, uliza nyumba yenye kinu kilichopasuka mlangoni; hicho kinu ndicho kiti chake cha kazi. Ni mtu mfupi, mpole hadi anakera. Mimi nikifoka, yeye ananusa mti. Kweli, ananusa. Kabla ya kupiga tezo hulileta gogo puani kama mwanamke anayechagua samaki, halafu anasema, "Huu utakubali," au, "Huu hapana." Sombe nyingi ya majani ya muhogo inayotwangwa huku kwetu inatwangwa ndani ya vinu vyake. Mchi hamchongei mtu asiyemjua. Humwambia mama anyooshe mkono, yeye huushika, huupima uzito, na ndipo hukata mti. Wanawake wanaapa kwamba mchi wa Wilondja hauchoshi bega. Kuna mmoja aliyekataa kuhama kijiji mpaka apewe mchi wake uliokuwa umeazimwa na jirani.

Tulikutana hapa hapa kambini, kwenye foleni ya maharage, kila mmoja na msiba wake. Yeye alikuwa amemzika mke na watoto wawili kule Fizi, Kongo, akachimba makaburi kwa tezo lile lile la kazi, maana jembe hakuwa nalo. Baada ya hapo akabaki na dada yake mdogo, Mariette. Siku ya kukimbia risasi zililia, watu wakatawanyika. Yeye akashika njia ya mlima, Mariette njia ya ziwa. Kesho yake aliambiwa mtumbwi umezama na hakuna aliyetoka.

Mimi nilifika na godoro. Godoro hilo alilibeba kichwani mwanangu Damascène, tangu Sange hadi kwenye kizuizi cha barabarani. Pale watu wenye magwanda waliwatenga wanaume kushoto, wanawake kulia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinitwika godoro akasema, "Maman, tangulia, minakuya." Alisema anakuja, nami nikatangulia. Ni miaka kumi na miwili sasa, na simu yangu sijawahi kuizima, hata kanisani, hata siku ninayoimbisha kwaya. Mchungaji Rugamba amenisema mara nyingi kwa hilo. Nilimjibu kwamba Mungu anajua namba ninayoisubiri.

Sasa sikiliza desturi ya kina Wilondja, maana shida yetu yote ilitoka humo. Katika ukoo wao, mtu aliyekufa na kaburi lake halikuonekana huchongewa mti. Sanamu yenyewe haina matiti wala ndevu. Ina uso, ina mikono iliyolala tumboni, basi. Wanasema ni nyumba ya jina, na nyumba haihitaji ndevu. Macho hufunguliwa mwisho kabisa, kwa msumari uliowekwa motoni hadi ukawa mwekundu. Kisha mwenye mfu hutia maji mdomoni, huyapuliza kwenye uso wa sanamu, hulitaja jina, na husema waziwazi: amekufa. Kuanzia hapo marehemu ana mahali pa kukaa, hazururi tena, na kila Jumamosi huwekewa maji. Masharti ni mawili. Macho yakifunguliwa hayafungwi tena, na anayeichoma sanamu amemchoma mwenye jina. La pili, aliye hai hachongwi kamwe, maana jina lake likikaa kwenye mti, na yeye atalifuata.

Miaka saba iliyopita Wilondja alimchonga Mariette. Nilikuwepo. Msumari ulipogusa mti ulilia kidogo, moshi ukatoka, na mume wangu akasema neno lile huku machozi yanamdondoka. Halafu, kwa upole wake wa kipumbavu, akanigeukia.

"Mama Damascène, na mutoto yako nimuchonge?"

Nilimrushia mwiko. "Mutoto yangu hakufaka! Ukimugusa na hiyo kisu yako, nitachoma hii nyumba!"

Hakurudia tena.

Sanamu ilikaa pembeni mwa kitanda miaka mitano. Ningependa kusema niliiondoa kwa sababu ya dini, kwani mchungaji alihubiri sana juu ya vinyago. Lakini nisimsingizie mtumishi wa Mungu. Niliyachukia macho yale. Yalikuwa yakinitazama nikivaa, nikiomba, nikihesabu miaka ya mwanangu, na nilihisi yananiuliza swali moja tu: wako utamchonga lini? Siku moja Wilondja alikwenda mji mdogo wa Kabingo kutafuta magogo. Akaja Mackline, mwenye duka la vitu vya kuchonga mjini Mbarara, kuchukua miiko na vigoda. Niliiviringisha sanamu kwenye kitenge, nikaitia katikati ya miiko.

Wilondja aliporudi aliona pembe tupu. "Mariette iko wapi?"

"Nimemutosha hapa nyumbani. Siye ni batu ba kanisa."

Alikaa juu ya kinu. Juma zima hakunusa mti.

Miaka miwili ikapita. Sasa mwaka huu, Jumatano moja, jua la saa sita, namba ya Tanzania ikamwita Wilondja. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mti, kwa hiyo nilimbonyezea mimi sauti ya nje.

"Kaka," sauti ikasema. "Kaka Wilondja. Ni miye Mariette."

Niliona uso wa mume wangu ukipoteza rangi. Mtu mwingine angeruka, angeimba. Yeye alilitazama tezo lake kana kwamba limeua mtu.

Mariette alisema mtumbwi ulizama kweli, lakini wavuvi walimwokota, na miaka yote hii alikuwa kambi ya Nyarugusu. Mtumishi mmoja aliyehubiri kule ndiye aliyempa namba. Nikamwambia mimi ni mke wa kaka yake, nikamuuliza afya, maana Wilondja alikuwa bado analitazama tezo.

"Afya haiko, wifi. Ni myaka saba silale muzuri. Macho haifunge. Na tangu myaka mbili niko naota ndoto moja tu. Niko nimesimama fasi moja, karibu ya televizyo, na siwezi kutembea." Akakohoa muda mrefu. "Minakuya kwenu. Posho nitakuwa Mbarara."

Posho ni Jumamosi. Simu ikakatika.

"Tumemuua," Wilondja alisema.

Nilimwambia asiseme upuuzi, kwamba ile ni malaria na uchovu wa kambi. Nilisema kwa sauti kubwa sana. Lakini myaka saba niliisikia, na myaka mbili niliisikia, na hesabu hiyo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Niliogopa.

Kibali cha kutoka kambini tulikipata Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi tukaondoka kwenda Mbarara kuitafuta sanamu. Wilondja alibeba chupa ya maji, na kutoka Kabingo tukashika barabara hadi malisho ya ng'ombe ya Masha. Nilimuuliza atafanya nini tukiipata. Macho hayafungwi, moto hauruhusiwi. "Jina inaweza kutoka," alisema, "kama ingine inaingia." Nikaridhika. Nilidhani anazo nyingine. Nani katika sisi hana wafu?

Mackline alitukumbuka mara moja. "Mama Kongo! Ile ya macho? Banange, ile nilikuwa nataka kutupa. Watu nafika mlangoni, naona yeye, narudi. Evas ndiye alinunua. Bibi ya askari, huko kambi ya jeshi." Akatuandikia namba ya nyumba kwenye karatasi.

Getini kwa jeshi nilisimama nyuma ya Wilondja. Wewe ambaye hujasimama kwenye kizuizi huwezi kujua. Askari kijana alizichukua karatasi zetu za ukimbizi na ile ya Mackline, akazisoma taratibu, na mimi nikawa natazama viatu vyake. Viatu kama vile vya kizuizini. Nilisubiri aseme wanaume kushoto.

"Mama, kwa nini natetemeka? Wewe nagonjwa?" Akaniletea benchi. "Kaa kidogo. Evas nakuja chukua nyinyi."

Alikuwa mtoto mwema, pengine umri ule ule aliokuwa nao wangu. Sikumshukuru.

Evas alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, khanga kiunoni, mtoto wa kike mgongoni. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha bati. Tulipoingia, televisheni ilikuwa inawaka, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Pembeni yake, juu ya kabati, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa uzi, sanamu ya Mariette ilisimama. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha maji.

Karibu ya televizyo, ndivyo Mariette alivyosema.

"Nani alikuambiaka umupatie maji?" Wilondja aliuliza.

"Hapana mtu," Evas alijibu. "Uso yake ilikuwa na kiu. Kila Jumamosi mimi naweka." Akaona nyuso zetu, kicheko kikapungua. "Kwani mbaya?"

Alitueleza mwenyewe, tukiwa bado tumesimama. Mumewe yuko Somalia. Alikuwa amenyamaza miezi minne, na wake wa nyumba za jirani walikwisha kuanza kumtazama kwa huruma, ile huruma inayotangulia habari. Siku alipoileta sanamu, jioni ile ile, mume akapiga simu. Tangu siku hiyo anaipangusa vumbi, anaiambia habari za nyumbani, na televisheni haizimi kamwe ili isikae kwenye ukimya. "Watu naongea kila kitu. Mimi hapana jali. Huyu nasikia mimi."

Wilondja alipiga magoti mbele ya kabati na kuisalimu sanamu kwa lugha ya kwao. Kisha akamweleza mwenye nyumba, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba mti ule umeshika jina la mtu aliye hai.

"Kuchukua, hapana," Evas akasema haraka, akasimama kati yake na kabati. "Mzee, samahani, lakini mimi nakataa. Bwana yangu atakufa huko." Akafikiri. "Jina, badilisha tu. Hata mimi sijui yeye anaitwa nani. Macho ndiyo sitaki kufunga."

Nilishusha pumzi. Nilitaka kumkumbatia. "Basi badilisha," nikamwambia mume wangu. "Unangoja nini? Weka ya baba yako."

Hakusimama. Alikuwa bado kwenye magoti, na hakunitazama.

"Baba nilimuzika. Na mama. Na bibi yangu na batoto yetu. Bote niliona kaburi yabo, nilichimba na hii mikono." Akaionyesha. "Hawa hawaingie. Inaomba mutu wa nyumba yetu ambaye hatukuona kaburi yake. Na inaomba mwenyewe aseme, na kinywa yake."

Nilichelewa kuelewa. Naapa nilichelewa. Halafu nikaelewa kwa nini mtu huyu mpole alinibembeleza tuje pamoja, wakati njia anaijua na Mackline anamjua.

"Ndiyo maana ulinileta!" nilipiga kelele hadi mtoto wa Evas akaamka akalia. "Muongo! Muuaji! Siku tatu unanyamaza, kumbe uko unapima mutoto wangu kama mti!"

"Sikuombe, Mama Damascène," alisema. "Nakwambia tu vile iko."

Nilikwenda mlangoni. Nia yangu ilikuwa kuondoka, nirudi Nakivale, niimbe kwaya yangu. Na nikuambie kilichonichoma zaidi. Jumatano ile tu tulikuwa tumejifunza kwamba waliozama hurudi. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nangoja kwa ukaidi tu, bila ushahidi wowote. Sasa Mungu alikuwa amenipa ushahidi. Kama Mariette alitoka ziwani, kwa nini Damascène asitoke popote walipompeleka? Sijawahi kuwa na tumaini kubwa kama la Jumamosi ile. Na ndiyo siku waliyonitaka nilitapike.

Simu ya Wilondja ikalia. Namba ya Mariette, lakini sauti haikuwa yake.

"Haloo? Wewe ni nani kwa huyu mama?" Alikuwa abiria, mwanamke, na nyuma yake basi lilikuwa linanguruma. "Tumepita Lyantonde, tunakuja Mbarara. Huyu mama amekuwa baridi. Macho yako wazi lakini haongei. Nampigapiga mashavu, hapana. Dereva anauliza, tumshushe hospitali au tufanye nini?"

Wilondja aliiweka simu sakafuni. Hakulia, hakunisihi. Aliifungua chupa ya maji na kuiweka katikati yetu, kisha akainamisha kichwa. Laiti angenisihi. Ningepata mtu wa kumkatalia.

Nilitazama macho yale. Yaliniuliza lile swali lao la siku zote. Niliwaza kuudanganya mti, kutaja jina la uongo. Nikaogopa. Niliwaza Mariette amelala kwenye kiti cha basi, mwanamke ambaye sijamwona hata siku moja, niliyemfunga ndani ya kitenge na kumtoa nyumbani kwa kaka yake. Abiria kwenye simu alikuwa anasema haloo, haloo.

Nilichukua chupa. Nilitia maji mdomoni. Evas, sijui nani alimwambia, alinyoosha mkono akaizima televisheni. Ndipo nikapuliza.

"Damascène," nilisema. Wilondja alisubiri. Neno lilikuwa bado. "Damascène... amekufa."

Sikuwahi kulisema. Hata kwenye maombi nilikuwa nasema "kule aliko."

Maji yalitiririka kwenye mashavu ya ule mti, yakadondoka kwenye kitambaa. Hakuna kilichotikisika, hakuna upepo ulioingia. Sakafuni sauti ya abiria ikabadilika. "Haloo? Mnasikia? Amefumba macho." Akaita jina la Mungu. Halafu, baada ya muda: "Jamani, amelala. Anakoroma huyu."

Wilondja akalala kifudifudi kwenye sakafu ya Evas, akalia kama mtoto. Mimi sikulia. Nilikuwa naitazama sanamu, na nikaona kwamba ina paji la uso la mwanangu. Evas anasema ilikuwa nalo siku zote. Sijui.

Mariette alishuka Mbarara mchana ule akipangusa udenda, akiomba radhi kwamba kondakta alipata tabu kumwamsha. Yuko nasi Kashojwa. Analima maharage, anakula kwa watu wawili, ananiita dada, na kikohozi kimekwisha. Hajui chochote, Wilondja alikataza aambiwe. Watu wanaonong'ona nao hawajui lililo kubwa, wanajua la miiko tu. Mume wangu amerudi kwenye vinu na michi. Sura ya mtu hachongi tena. Wakati mwingine ananiangalia kwa shukrani, na natamani kumrushia kitu.

Kila Jumamosi Evas hunipigia. "Mama, kijana wako iko salama. Nimempa maji." Anasema kwa moyo mzuri. Namshukuru, nakata simu, na siku hiyo sili.

Maana sasa naogopa jambo ambalo zamani ndilo nililoliomba. Zamani simu ikilia nilikuwa naruka, naacha sufuria inaungua. Wiki hii, Jumanne, imeingia namba ya Kongo nisiyoijua. Ikapiga hadi ikakata. Ikapiga tena. Wilondja aliacha tezo, akanitazama, na mimi nikamtazama. Ikiwa ni yeye, basi yuko hai, na nimemtia ndani ya mti kwa mdomo wangu. Atakuwa ameanza kukosa usingizi. Ataniambia, "Maman, macho haifunge," na mimi nitamtaja nani ili atoke? Sina mwingine.

Sikupokea. Niliizamisha simu ndani ya mfuko wa unga, nikafunga mfuko kwa kamba. Imepiga jana mara mbili, na leo asubuhi. Na sasa hivi ninapokusimulia haya, naisikia inatetemeka mle ndani ya unga.